Sauti Njema na Sikio la Mwalimu

Liko swali ambalo kwa sura yake ya nje ni la dukani, na aghalabu huulizwa dukani kweli, baina ya muuzaji na mnunuzi, kwa maneno ya bei na ya fahari: je, kishikwambi hiki kipya kina sauti bora kuliko kile cha zamani? Lakini swali hilo hilo likiulizwa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, na likiulizwa na watu wanaotaka kukitumia chombo hicho kuwafundishia watoto wao Qurani, hutoka dukani likaingia chuoni. Muulizaji hujali kidogo kama muziki utalia vizuri. Ataka kujua kama lile neno aliaminilo kuwa la Mwenyezi Mungu litamfikia mwanawe likiwa zima, herufi kwa herufi, na kama kufika kwake kwa njia ile ni kusomewa, au ni jambo jingine ambalo wazee wetu hawakulipa jina kwa sababu hawakuliona.

Wabishanaji ni makundi mawili, na kila kundi lina haki yake. Vijana, ambao wengi wao wamepita shule na wamezoea kununua mega za mtandao asubuhi na kuzimaliza kabla ya jua kuchwa, hukisifu chombo kipya kwa sifa zinazojulikana. Vingi katika vishikwambi vya mwanzo, wasema, vilikuwa na spika moja tu, pengine mgongoni, hata ukikilaza chombo juu ya mkeka kama ilivyo ada ya chuoni sauti huzibwa na ukindu wenyewe. Ilhali mwaka 2015 kampuni ya Apple ilitoa iPad Pro ya kwanza ikiwa na spika nne, Samsung ikafuata kwa Galaxy Tab S3 mwaka 2017, na tangu hapo hata vyombo vya bei ya wastani vimeanza kutoa sauti kwa zaidi ya upande mmoja. Husifu vilevile kasi ya prosesa, wingi wa kumbukumbu na uimara wa betri. Katika hizo, betri ndiyo yenye maana kubwa kwa watu ambao umeme wao ni wa kungojewa na ambao huvichaji vyombo vyao kwa paneli za jua. Ama kasi, kisomo cha tartili hakina haja nayo, kwani chombo chepesi na chombo kizito husoma aya kwa mwendo ule ule alioupanga msomaji.

Wazee wa chuoni, na hasa wale walioishika Qurani kwa ubao na wino, hawakanushi sifa hizo hata moja. Wao huzipokea kwa upole, kisha huuliza zinahusu nini. "Mwalimu," kijana husema, akifungua kisomo kilichonaswa cha msomaji wa Misri, "sikia mwenyewe, si Shekhe Husary huyu, kana kwamba yuko nasi hapa mkekani?" Naye mwalimu hujibu, "Mwanangu, mimi namsikia. Nauliza tu kama yeye anatusikia." Jibu hilo huchekesha baraza, na watu wakishacheka hudhani limekwisha, nami naona kwamba ndipo penye kiini cha mas'ala, na kwamba yafaa tulifikie kwa hatua, tukitoa kwanza haki ya sauti, kisha haki ya sikio.

Tuanze na sauti. Wabishanaji huviweka vyombo viwili mkekani, kipya na cha zamani, wakafungua faili moja ya Suratul Fatiha katika vyote viwili, na masikio yao yote huelekea aya ya sita na ya saba, ambamo imo swadi ya neno "sirat" na imo dhadi ya neno la mwisho. Hapo ndipo ubora wa sauti unapoacha kuwa anasa. Mvumo wa sini, ule mlio mwembamba kama wa hewa ipitayo baina ya meno, nguvu yake nyingi iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Na simu za kale, ambazo njia yake haikupitisha zaidi ya mitetemo ipatayo 3,400, ziliukata mlio huo hata sini na thaa na fee zikafanana, mtu akalazimika kukisia kwa maana. Swadi nayo hujitenga na sini kwa ule uzito unaoiangukia irabu inayoifuata, kwa kuwa shina la ulimi huinuka nyuma ya kinywa, na uzito huo pia hupotea katika spika dhaifu inayokwaruza. Sasa mtoto wa Kindu, ambaye katika Kiswahili cha nyumbani kwao husema "zambi" penye dhambi na "zahabu" penye dhahabu, amekuja chuoni akiwa na zai moja mahali ambapo Kiarabu kina dhali na zai, na dhaa pia. Yeye hawezi kujazia kwa mazoea kile ambacho chombo kimekipunguza, kwani mazoea yake yenyewe ndiyo yanayotaka kutengenezwa. Anayesema kwamba ubora wa sauti ni upuuzi wa vijana, basi, na atafakari ni nani atakayeumia sauti ikiwa mbovu: yule ajuaye hujazia, na yule asiyejua ndiye apotezaye.

Hata hivyo vijana nao husahau jambo. Kisomo kinachozungukazunguka Kindu, kwa kuwa mega ni ghali na mtandao ni wa kubahatisha, hupita mkono kwa mkono katika kadi za kumbukumbu, na kila apitishaye hutaka kiwe chepesi zaidi. Sauti ya sahani ya CD huchukua kilobiti 1,411 kwa kila sekunde; faili ya MP3 ya kawaida huchukua 128, yaani chini ya sehemu moja ya kumi, na ziko zilizobanwa hata 32. Wahandisi wa Erlangen nchini Ujerumani, ambao Karlheinz Brandenburg alikuwa mmoja wa viongozi wao, waliitengeneza njia hiyo kwa kuchunguza ni sauti zipi ambazo sikio la mwanadamu hufunikwa lisizitambue, wakazitupa hizo. Na katika majaribio yao walitumia wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", ambamo mwanamke huimba peke yake pasi na ala, kwa sababu sauti ya mtu mmoja iliyo tupu ilizifichua kasoro ambazo bendi nzima huzificha. Basi kisomo cha Qurani, ambacho ni sauti ya mtu mmoja iliyo tupu, ni miongoni mwa mitihani migumu ambayo faili yaweza kupewa. Ikiwa sini imekwisha kutupwa na mtu aliyeibana faili mjini kwingine miaka kumi iliyopita, spika nne haziwezi kuirudisha. Zitakachofanya ni kukitangaza kilema kwa uwazi zaidi. Mwenye kutaka sauti njema na aitafute kwanza faili njema, kisha chombo.

Na liko la ajabu zaidi ambalo wabishanaji wote wawili hawalitaji. Sauti ya mwanamume huanzia chini, baina ya mitetemo 85 na 180 hivi kwa sekunde, na spika iliyobanwa ndani ya bamba lenye unene usiofika sentimita moja haiwezi kuisukuma hewa ya kutosha kuitoa vyema sauti nzito kama hiyo. Msikilizaji lakini huisikia nzito, huapa kwamba ni nzito, kwa sababu akili ya mwanadamu, ikizipata zile sauti za juu ambazo ni mafungu ya ile ya chini, huijaza yenyewe ile iliyokosekana. Uzito wa sauti ya shekhe, ambao kijana ausifu chombo kwa kuuleta, sehemu yake kubwa haimo chumbani. Umo katika sikio la kijana mwenyewe. Tangu hapa, kabla hatujavigusa vitabu vya fikihi, maumbile yenyewe yanatuambia kwamba kusikia ni kazi ya aliye hai.

Ama fikihi, haikungoja kishikwambi ili ianze kuliwazia jambo hili. Edison alikitoa chombo chake cha kunasa sauti mwaka 1877, na mwanzoni mwa karne ya 20 Shekhe Muhammad Bakhit al-Mutii, ambaye baadaye alikuwa Mufti wa Misri, aliandika risala juu ya hukumu ya kukisikiliza kisomo kilichonaswa. Lakini mizizi ya mas'ala ni mirefu kuliko hapo. Al-Kasani, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1191, alipoandika juu ya sijida ambayo humlazimu mwenye kuisikia aya ya sijida, alimtoa nje ya hukumu hiyo mtu aliyeisikia kutoka kwa kasuku au kutoka katika mwangwi wa jabali, kwa kuwa hiyo si tilawa. Na vitabu vya Kishafii, ambavyo ndivyo vilivyoshikwa na walimu wa pwani na wanafunzi wao wa bara, vinamtaja vilevile ndege aliyefundishwa, kwa sababu hana makusudio. Na mwaka 1986 Baraza la Fikihi la Makka, lililo chini ya Rabitatul Alam al-Islami, liliamua kwamba adhana ya rekodi haitoshi kuwa adhana, ijapokuwa herufi zake zote ni sahihi na sauti yake ni ya kupendeza. Katika hukumu hizo zote hakuna aliyeuliza kama kasuku ametamka vizuri, wala kama mwangwi ulikuwa safi. Waliuliza jambo moja: yuko mwenye kusoma?

Swali hilo, tukilifuata mpaka chini, hutufikisha kwenye jambo ambalo Imamu Bukhari aliteswa kwa ajili yake mjini Naisaburi, karne ya tatu ya Hijra, watu walipotaka kumfitinisha kwa kumuuliza kama matamko ya msomaji ni kiumbe. Alitofautisha, na akaandika kitabu kizima juu ya matendo ya waja, kwamba kisomwacho ni kitu kimoja na kisomo ni kitu kingine: neno ni la Mola, na kulisoma ni tendo la mja, nalo hutendwa kwa ulimi wake, pumzi zake na nia yake. Kwa tofauti hiyo mas'ala yetu hunyooka. Chombo hakina nia wala hakina taklifu, hakiandikiwi thawabu wala dhambi. Hakina tendo, kwa hiyo hakina kisomo. Anayesoma, tunapokifungua, ni Mahmud Khalil al-Husary, aliyezaliwa Misri mwaka 1917 na kufariki mwaka 1980, na tendo lake alilitenda na kulimaliza kabla wengi wa vijana wa Kindu hawajazaliwa. Chombo hutuletea tendo la mja aliyekwisha kwenda zake. Kwa maana hiyo ni kitukufu kuliko mwangwi na kasuku, kwa kuwa nyuma yake yuko msomaji wa kweli aliyekusudia. Lakini ni pungufu kuliko mtoto wa miaka saba asomaye kwa kigugumizi mbele ya mwalimu wake, kwa kuwa mtoto huyo anatenda sasa.

Asije mtu akadhani kwamba nimekidharau chombo, au kwamba nimeudharau usikilizaji. Aya ya 204 ya Suratul Aaraf imeamrisha kusikiliza na kunyamaza Qurani isomwapo, na wanazuoni wengi wa zama zetu wanaona kwamba mwenye kuisikiliza rekodi kwa mazingatio hupata thawabu ya kusikiliza kwake. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwomba Abdullahi bin Masuud amsomee, na Ibn Masuud akastaajabu, vipi amsomee yule ambaye Qurani imeteremshwa kwake. Mtume akamjulisha kwamba hupenda kuisikia kutoka kwa mtu mwingine. Ibn Masuud akasoma Suratun Nisaa hata aya ya 41, kisha akaambiwa basi, akatazama, akaona macho ya Mtume yanabubujika machozi. Ikiwa mbora wa viumbe alikaa kitako akawa msikilizaji, cheo cha usikilizaji si cha chini; na ikiwa usikilizaji ni ibada, kuusafishia njia ni katika ihsani, kama mtu asafishavyo mahali pa kuswalia. Walijua hivyo Wamisri walipoyafungua matangazo ya redio yao mwaka 1934 kwa kisomo cha Shekhe Muhammad Rifat. Na alijua hivyo Labib al-Said, aliyepigania Qurani nzima inaswe kwa sauti ili matamshi yake yahifadhiwe kama Msahafu ulivyoyahifadhi maandishi, kazi iliyozaa rekodi ya Husary ya mwaka 1961. Kila mtoto wa Maniema aisikiaye swadi safi katika kishikwambi leo anakula matunda ya juhudi hiyo.

Basi haki ya sauti imetolewa. Sasa tulichukue lile jibu la mwalimu na tulipime.

Namna ambayo Qurani imefundishwa nayo tangu mwanzo ina pande mbili. Mwalimu husoma, mwanafunzi akasikiliza. Kisha mwanafunzi husoma, mwalimu akasikiliza. Na upande wa pili ndio mrefu, ndio wenye kuchosha, ndio ambao mwalimu hulipwa kwa ajili yake pale anapolipwa. Hata Jibrili, kwa mapokezi ya Bukhari, alikuwa akikutana na Mtume kila Ramadhani wakaipitia Qurani pamoja, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake waliipitia mara mbili. Na Khalifa Uthmani alipoipeleka misahafu katika miji mikubwa, wapokezi husimulia kwamba hakuipeleka peke yake, bali kila mmoja ulifuatana na msomaji wa kuwasikiliza watu: Zaid bin Thabit kwa watu wa Madina, Abdullahi bin Saib kwa watu wa Makka, Abu Abdurrahman as-Sulami kwa watu wa Kufa. Maandishi yale yalikuwa sahihi kupita maandishi yote ya zama zile, na bado haikuonekana kwamba yatosha. Kishikwambi kiko mbali na Msahafu ule kwa njia nyingi, lakini kwa hili vimekutana: vyote viwili hutoa, wala havipokei.

Atasema kijana kwamba zama zimebadilika, na atasema kweli. Ziko leo programu kama Tarteel ambazo humsikiliza msomaji kwa maikrofoni ya chombo, zikamwonyesha neno alilolikosea au alilolisahau, na katika kazi hii kishikwambi kipya chenye maikrofoni nzuri na prosesa yenye nguvu hukishinda kikuukuu kwa mbali. Ni msaada mkubwa kwa hafidhi anayetaka kujipima usiku wakati mwalimu amelala. Lakini tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Mwanafunzi anasoma Fatiha, akifika katika neno "sirat" analisoma kwa sini. Amekosea? Kwa Hafsi aliyepokea kwa Asimu, ambaye kisomo chake ndicho kilichoenea kwetu, swadi ndiyo sahihi, na sini ni kosa. Lakini Qunbuli, mmoja wa wapokezi wa Ibn Kathiri wa Makka, amelisoma neno hilo hilo kwa sini, na kisomo chake ni katika visomo saba ambavyo umma umevikubali. Na Khalafu aliyepokea kwa Hamza amelisoma kwa sauti iliyo baina ya swadi na zai. Sauti moja, ikipimwa kwa kipimo kisichokosea hata tetemo moja, yaweza kuwa kosa la mtoto wa Kindu ambaye ulimi wake haujainuka, au yaweza kuwa riwaya ya Makka iliyohifadhiwa kwa karne kumi na mbili na zaidi. Masikio hayawezi kuamua ni ipi kati ya hizo mbili, hata yawe makali namna gani, kwa kuwa tofauti yake haimo ndani ya sauti. Imo katika jibu la swali ambalo mwalimu huuliza: umeipokea kwa nani?

Hapo ndipo sanadi ilipo. Mwalimu anapompa mwanafunzi wake ijaza, hasemi tu kwamba sauti yake ni sahihi. Anashuhudia kwamba amemsikia, kwamba naye alisikiwa na fulani, na fulani na fulani, mpaka mwisho wa mnyororo, na ushahidi huo anautoa akijua kwamba ataulizwa juu yake Siku ya Kiyama. Ushahidi hautoki ila kwa mwenye taklifu. Mashine yaweza kusema kweli, na mara nyingi husema kweli kuliko watu, lakini haiwezi kushuhudia, kwa kuwa haina cha kupoteza ikisema uongo. Kadhalika wanafunzi huisifu kwa kuwa hurudia aya moja mara mia isichoke. Nami nakubali kwamba haichoki, ila siwezi kuiita yenye subira, maana subira ni ya yule awezaye kuchoka akajizuia. Mtoto aliyeona uso wa mwalimu wake ukichoka, kisha akamwona anasema "rudia, mwanangu," amejifunza pamoja na swadi jambo jingine ambalo halimo katika faili yoyote.

Watu wa Maniema wana sababu ya pekee ya kulifahamu hili. Uislamu uliwafikia katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikatua Kasongo na Nyangwe, ambako Livingstone aliwakuta wafanyabiashara wa pwani alipofika mwaka 1871, na ambako Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alijijengea dola yake. Historia hiyo ina uchungu, wala haifai kupakwa asali, kwani njia iliyoleta Msahafu ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo. Kisha dola ya watu wa pwani ikaangushwa katika vita vya mwaka 1892 hadi 1894, wakaja Wabelgiji, ambao waliutazama Uislamu kwa jicho la shaka na hawakuutakia kheri. Wafanyabiashara wakaondoka, mabwana wakaondoka, bunduki zikaondoka. Kilichobaki ni walimu wa vijijini na wanafunzi waliokwisha kusikilizwa, nao wakawasikiliza wengine, katika nyumba za udongo, bila ya santuri wala redio wala shule iliyotambuliwa na serikali. Yamkini matamshi yao hayakuwa yote ya Kihijazi, yamkini zai iliingia mara nyingi mahali pa dhali. Lakini mnyororo haukukatika, na ndio uliowafanya watu wa leo wawe na haja ya kubishana juu ya kishikwambi.

Nini basi hukumu? Naona kwamba madrasa yenye uwezo na inunue chombo chenye sauti njema, na isione haya, wala isikitazame kama mgeni aliyeshuka kutoka dunia nyingine. Bati linalounganishia viungo vya vyombo hivi, na koltani ambayo huzaa madini ya tantalamu yaliyomo ndani yake, huchimbwa katika ardhi ya Maniema, Kalima na kwingineko, kwa jasho la watu ambao wengi wao hawatakimiliki kimoja. Kukitumia kwa jambo jema ni sehemu ndogo ya haki yao. Kabla ya kuzihesabu spika zake na wazikague faili zake, ziwe zimetoka katika asili iliyo safi, zisiwe zile zilizobanwa mara kumi. Wasidanganyike na prosesa, wala na mwangaza wa kioo. Wauulize uhai wa betri na uwazi wa sini. Wakati wa somo chombo kisome aya moja, kisha kizimwe, ili ukimya utakaofuata uwe wa mtoto kusoma na wa mwalimu kusikia.

Na kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, nazo mara nyingi hazitoshi, zianze kwa mwalimu. Madrasa iliyo na mwalimu na haina kishikwambi itatoa wasomaji wenye kasoro za matamshi, na kasoro hizo zaweza kusahihishwa siku yoyote akija ajuaye zaidi. Madrasa iliyo na kishikwambi na haina mwalimu itatoa vijana wenye masikio mazuri, ambao wakiulizwa ni nani aliyewasikia watakosa jina la kutaja. Hao hawajaanza kusoma. Wamesikiliza, na kusikiliza, pamoja na utukufu wake wote, ni nusu ya kazi.